Waungwana wa Urusi kwa Maneno ya Kasongo

Neno intelijensia tumekwisha kunyang'anywa. Wamelichukua polisi na majeshi, wala hawana nia ya kulirudisha. Ukisikia redioni "taarifa za kiintelijensia" unajua kuna mtu anafuatwa. Sasa mwambie mtu wa Kasongo kwamba Anton Chekhov alikuwa mmoja wa intelijensia ya Urusi: kabla hajakujibu atautazama mlango kwanza. Na kejeli yenyewe ni kwamba Warusi, waliolipa neno hilo maana yake katika karne ya 19, walilitumia kwa watu waliofuatwa na polisi wa Tsar.

Hao ndio ninaotaka tuwatafutie jina. Nasema Chekhov, Gorky, Bunin, Blok, mchoraji Repin, Diaghilev na jarida lake, na wenzao wote waliokuwa wakikesha Moscow na Petersburg wakisomeana maandiko na kuteta juu ya hatima ya nchi yao, karne moja ikiondoka na nyingine ikibisha hodi. Jina nitalitafuta kwa kuanzia Kasongo na Kabambare. Maniema ya kusini, nchini Kongo, ni kituo cha mbali cha Kiswahili kilichotoka Pwani kwa miguu, na neno lililotembea umbali huo huwa limejifunza mambo ambayo lile lililobaki nyumbani halikuyajua.

Wasomi ndilo jibu la haraka, na kwa haraka nalikataa. Msomi ni yeyote aliyefika darasani. Kwa wamisionari wa Uganda msomi alikuwa anayejifunza dini. Nairobi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Kijijini kwetu ni kijana aliyerudi na diploma na miwani. Neno hili linataja alichofanyiwa mtu shuleni, halisemi anafanya nini na kusoma kwake.

Wanazuoni ni tamu zaidi. Zuo ni vyuo kwa lafudhi ya kaskazini, na chuo, kabla hakijawa jengo, kilikuwa kitabu. Mwanazuoni basi ni mwana wa vitabu. Lakini neno limeingia msikitini na halikutoka. Mwaka 1904 Sheikh Muhammad Abduh, mufti wa Misri, alimwandikia barua Leo Tolstoy, naye akajibiwa. Abduh ni mwanazuoni bila ubishi. Tolstoy, ambaye Sinodi ya Kanisa lake ilikuwa imemtenga mwaka 1901, tukimwita mwanazuoni tutakuwa tumemvika kilemba ambacho yeye na Kanisa lake wote wangekivua.

Wataalamu? Huyo ni mtu wa udongo, wa mifumo ya maji, wa kompyuta. Kwa asili ni mwenye kujifunza, kwa matumizi ni mwenye kulipwa.

Kongo imejaribu pia la kwake, na afadhali halikuenea. Wabelgiji waliwaita Wakongo waliosoma evolue, yaani waliokwisha kubadilika na kupanda, na mwaka 1948 wakawatolea kadi ya kuthibitisha kupanda huko. Neno limekaa kama mtihani ambao msahihishaji ni mmoja tu. Aliyeitwa evolue alikuwa akiulizwa kila siku amefika wapi, na jibu lilikuwa moja daima: bado.

Maniema ina neno jingine, nalo ndilo lililokipa Kiswahili chetu jina. Wabelgiji walipotaka kukitofautisha na cha Pwani walikiita Kingwana, lugha ya Wangwana, yaani watu wa misafara waliokaa Kasongo na Nyangwe na Kabambare enzi za Tippu Tip, mkuu wa misafara. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru kwa kuzaliwa, mwenye nasaba ya kutaja. Huku bara neno likalegea mshipi. Kijana Mkusu au Mbangubangu aliyeingia katika msafara, hata kama aliingia akiwa mateka, akajifunza lugha, akavaa kanzu, akajua kuswali, pengine akajua na herufi, aliitwa mungwana. Nasaba iliupisha mwenendo. Uungwana ukawa kitu cha kujifunza.

Huo ndio ukoo wa akina Chekhov. Warusi walikuwa na neno raznochintsy, watu wa daraja mchanganyiko: watoto wa mapadri wa vijijini, wa madaktari, wa wenye vibanda vya biashara, waliotoka katika tabaka zao kwa njia ya vitabu na wasiingie kikamilifu katika tabaka jingine lolote. Babu yake Chekhov alikuwa mtumwa wa ardhi, mali ya bwana mwenye shamba, akajinunulia uhuru yeye na jamaa yake mwaka 1841, miaka 20 kabla Tsar hajawaachia wengine wote. Mjukuu alizaliwa 1860. Januari 1889 akamwandikia mchapishaji wake Suvorin habari za kijana, mwana wa mtumwa, ambaye ilimbidi aukamue utumwa ndani yake tone kwa tone. Kila msomaji wa barua hiyo hujua kijana ni nani.

Warusi hawana kinyume cha utumwa kinachotaja uhuru na adabu kwa pumzi moja. Sisi tunacho. Uungwana ni kutokuwa mtumwa, na uungwana ni kutomkatisha mwenzako maneno. Mambo hayo mawili ambayo Chekhov aliyafuatia maisha yake yote yamekaa katika neno letu tangu zamani, hatukuhitaji kuyaunganisha.

Najua utakalosema, mlinzi mwenzangu wa lugha. Wangwana wa Kasongo walikuwa na bunduki. Neno hilo lilitembea pamoja na minyororo. Mwezi Julai 1871, soko la Nyangwe lilipopigwa risasi na wanawake wakazama mtoni, Livingstone aliona kwa macho yake, na waliopiga walikuwa watu wa msafara. Utalipaje neno la damu kwa daktari mpole wa Taganrog?

Nimelipima pingamizi hili kwa muda mrefu, na bado nalipenda neno langu. Waungwana wa Urusi nao walikula juu ya migongo. Tolstoy alirithi Yasnaya Polyana pamoja na watu wake, kama mtu anavyorithi shamba na ng'ombe. Mazungumzo ya barazani kwao yalizunguka jambo moja, deni la waliosoma kwa wasiosoma. Neno safi kupita kiasi lisingewafaa; lingewaacha bila kitu cha kuona haya. Kwa Kiswahili sanifu napendekeza waungwana wa fikra, kwa sababu waungwana peke yake siku hizi ni salamu ya mwenye kipaza sauti harusini. Nyumbani Kasongo tunaweza kusema wangwana, tukaelewana.

Sasa, walikutana wapi? Warusi walisema kruzhok, kiduara. Sisi duara tumelipeleka hesabu, na mduara tumeupeleka ngomani. Kundi ni la mbuzi. Genge limeharibika, chama kina kadi, kijiwe ni kizuri lakini kina uvivu ndani yake, na kilinge kina mganga. Halaka, pete ya wanafunzi mbele ya sheikhe, ina umbo lenyewe, na darsa ina joto lenyewe: miaka hiyo hiyo Sheikh Abdallah Bakathir alikuwa akisomesha Ukutani, Unguja, mpaka wanafunzi wake wakafika mbali. Ila katika halaka kuna mmoja anayejua na wengine wanaopokea. Katika kruzhok kila mtu alikuja na karatasi yake mfukoni na kila mtu alichunwa ngozi.

Linabaki baraza, na hapa nina wivu wa mkoa. Mjini Dodoma au Nairobi baraza limenenepa: Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani, hata Kiswahili chenyewe kina Baraza la Taifa tangu 1967. Kongo neno lilikwenda njia nyingine. Wabelgiji walilisikia wakalifanya Kifaransa chao, barza, likabaki na maana ya ubao wa mbele ya nyumba, kivuli na viti. Mzee wa Kasongo akisema tukae barza, hakuna atakayeandika kumbukumbu za mkutano. Ndiyo maana nasema baraza kwa kruzhok, kwa maana ya Kongo: mahali pa kukaa kabla hapajawa ofisi.

Mabaraza mawili mashuhuri yalikutana siku moja ya wiki. Moscow, kuanzia 1899, mwandishi Nikolai Teleshov aliwakaribisha akina Gorky, Bunin, Andreyev na Kuprin kila Jumatano, na baraza likaitwa Sreda, Jumatano. Petersburg, kuanzia 1905, mshairi Vyacheslav Ivanov na mkewe walipokea wageni katika ghorofa ya juu kabisa iliyoitwa Mnara, Jumatano vilevile. Sreda kwa Kirusi ni siku ya katikati. Kwetu ni ya tano, tukianza kuhesabu Jumamosi. Na Wakongo wengi, wakianza na siku ya kazi, husema siku ya tatu. Kwa hiyo waungwana walewale walikutana siku ya kati, ya tano na ya tatu, na wote hawakuchelewa. Mimi ningeliacha jina la baraza la Teleshov kuwa Jumatano, bila maelezo.

Walikunywa chai, na hapa nakuomba usogee. Chai ya Warusi ni chai, kwa sauti ileile. Chombo chao cha kuchemshia, samovar, kimo katika kamusi zetu kama samawari, kilichofika Pwani kwa mikono ya Waajemi na Waarabu. Sanduku letu kwao ni sunduk. Hazina yetu kwao ni kazna. Almasi ni almaz. Maneno haya yalitoka soko moja, mengine yakapanda kaskazini na Waturuki, mengine yakashuka kusini na majahazi. Mwaka 1886 Wilhelm Junker, msafiri aliyezaliwa Moscow, alitoka Tabora kwenda pwani pamoja na Tippu Tip. Sijali walisemezana lugha gani. Chai na sanduku za mizigo zilikuwa na majina tayari.

Tuje kwa mwenye kalamu. Mwandishi ni neno ambalo magazeti yamelihodhi: mwandishi wetu, Kindu. Asili yake inastahili heshima zaidi. Kuandika ni kupanga mahali pake: huandikwa meza, huandikwa jeshi, na katika siku za misafara mtu alikuwa akiandikwa kazi ya upagazi kabla jina lake halijagusa karatasi. Mtunzi naye hutunga, na kitungwacho kwanza ni ushanga. Maniema ushanga ulikuwa fedha. Aliyekosea kuupanga rangi na ukubwa wake alilala njaa sokoni. Kwa hiyo Tolstoy, anayepanga majeshi ya Napoleon na meza za karamu, ni mwandishi kwa maana kamili ya zamani. Chekhov, anayechagua punje moja moja na kutupa nyingi, ni mtunzi. Nakataa kuwaita wote wawili wanafasihi. Hilo ni neno la silabasi.

Na usidhani kwamba miaka hiyo Urusi ilikuwa ikiandika nasi tukitazama. Mwaka 1896, mwaka ambao mchezo wa Chekhov ulizomewa Petersburg, Mngazija Salim bin Abakari alikuwa akipita Urusi na Siberia pamoja na bwana wake Mjerumani, na habari ya safari hiyo, kwa Kiswahili, ilichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Naye Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip mwenyewe, akiwa amestaafu Unguja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akayageuza kuwa herufi za Kirumi na kuyatoa Berlin mwaka 1902 na 1903. Kasongo iliingia katika nathari ya Kiswahili wakati uleule Bustani ya Cheri ilipokuwa mezani kwa Chekhov. Bustani hiyo nitaigomea baadaye.

Herufi ziliwahi kumdanganya hata fundi. Joseph Conrad, aliyezaliwa raia wa Tsar, alipanda mto Kongo mwaka 1890 mpaka maporomoko ya Stanley, na hadithi aliyoitoa mwaka 1899 ina Mrusi kijana mwenye nguo za viraka. Msimulizi anaokota kitabu cha ubaharia, anaona pambizoni maandishi asiyoyajua, anaamini ni maandishi ya siri. Yalikuwa Kirusi. Pambizo, ndugu yangu, ni neno la kulilinda kwa mikuki. Usimruhusu mtu aandike "marjini". Na kwa herufi hizo nasema hati za Kirusi, kama tusemavyo hati za Kiarabu, kwa kuwa hati hutaja mkono na mkunjo wake, herufi hutaja abjadi tu. Barua ya mungwana wa Kabambare nayo, ikiangukia mikononi mwa ofisa asiyejua kuisoma, ilikuwa maandishi ya siri vilevile, ingawa pengine ndani mlikuwa na bei ya chumvi.

Kabambare yenyewe ina historia ya wino. Livingstone alikwama huko, akiiita Bambare, miezi mingi ya 1870 na 1871. Karatasi ilipomwishia aliandika juu ya magazeti makuukuu, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino wa rangi uliotokana na mimea ya huko. Barua Wakongo huiita mukanda, na kitabu mukanda vilevile. Mtu wa Pwani hucheka, kwa kuwa mkanda wake hufunga kiuno. Acheke. Nitaurudia mkanda wake muda si mrefu.

Wengi wa waungwana hao waliandika kwa jina ambalo mama hakuwapa. Aleksei Peshkov alijiita Gorky, Chungu. Boris Bugaev akawa Andrei Bely, Mweupe. Tunasema jina bandia, kama noti bandia, kana kwamba mtu ametapeli. Jina la kalamu ni la kigeni, linakwenda kwa magongo. Lakabu ipo, tena inakaa: jina linalomshika mtu kwa sifa au kwa kisa. Tippu Tip ni lakabu. Wengine husema ni mlio wa bunduki, wengine husema ni kupepesa macho, na historia humwita hivyo hivyo. Katika Jumatano ya Teleshov walipeana lakabu kwa mitaa ya Moscow, Gorky akaitwa Khitrovka, soko la maskini na walevi. Mzaha huo ungeeleweka mara moja barazani Kasongo.

Lipo na jina la kudai ukoo. Mke wa Ivanov, Lydia Zinovieva, alijiongezea Annibal, akidai nasaba ya Abram Gannibal, Mwafrika aliyekuwa babu yake mama yake Pushkin. Tippu Tip alifanya hivyo kwa upande wa pili: alimwambia Kasongo Rushie, mtemi wa Utetera, kwamba yeye ni mjukuu wa binti wa ukoo huo aliyetekwa zamani, akapewa nchi. (Rushie, tafadhali, halina uhusiano na Urusi, ni lugha inanichezea.) Neno la haya yote ni nasaba, na tendo lake ni kujinasibu. Kitenzi hicho ni cha werevu: ukijinasibu, hakuna anayesema umedanganya, wala anayesema umesema kweli.

Wachoraji ni kazi ngumu zaidi. Msanii wa Dar es Salaam ni mwimbaji, na usanii wa Dar es Salaam ni utapeli. Akikufanyia usanii umeliwa. Mpaka rangi hupaka kuta. Mchoraji lina ukweli, kwa kuwa kuchora kwa asili ni kukata alama, kwenye mti, kwenye ngozi, kwenye ubao. Linatosha. Msanii waachiwe walioliharibu.

Kuna kundi la wachoraji lililoundwa 1870, Repin akiwa miongoni mwa nyota zake, ambalo lilichoka na kumbi za Chuo cha Sanaa likabeba picha kutoka mji hadi mji. Kirusi huitwa peredvizhniki. Nimewaona wakiitwa wazururaji, jambo la aibu, maana mzururaji hukamatwa. Na wahamahamaji, kana kwamba walikuwa na ngamia. Mtu wa Maniema hahitaji kufikiri. Hao ni wanamsafara. Walikuwa na mizigo, njia, vituo na tarehe ya kufika, na waliuza njiani. Neno msafara lilipita Kabambare mara nyingi mno kwa kazi chafu; lipewe na hii.

Picha kubwa ya Repin, ya miaka 1870 hadi 1873, inaonyesha watu 11 wakivuta jahazi dhidi ya mkondo wa Volga. Burlaki. Utashawishika kusema wapagazi. Subiri, wakague. Hawana kitu kichwani wala begani. Kila mmoja ana mkanda mpana umempita kifuani, wa Pwani huu, si wa kusomwa, na amelala mbele juu yake, mikono ikining'inia kama haina kazi. Katikati kijana mmoja ameinua kichwa na kuushika mkanda wake, anautanua usimkate. Mpagazi hubeba; hawa wanakokota. Wakokotaji wa Volga, ndivyo ningeiita picha, na mkokoteni wa Kariakoo ungeitikia kwa mbali. Babu yake Gorky mzaa mama alikuwa mmoja wao ujanani.

Kuhusu picha za historia, Kongo inalo neno ambalo sanifu halijaliazima. Wachoraji wa Katanga wa miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mkuu wao, waliziita picha za kuning'inizwa sebuleni ukumbusho, kwa kuwa kazi yake ni kumfanya mwenye nyumba asimulie. Surikov na Repin walipochora mambo ya kale walichora ukumbusho. "Uchoraji wa kihistoria" uende zake.

Jarida la Diaghilev lililoanza 1898 liliitwa Mir iskusstva, na mir wa Kirusi ni dunia, ni amani, ni hata jumuiya ya kijiji. Zamani dunia na amani ziliandikwa kwa i mbili tofauti, mageuzi ya imla ya 1918 yakazichanganya. Ulimwengu wa Sanaa, basi. Dunia ina vumbi mno na malimwengu yana fitina mno.

Kipindi chenyewe huitwa huko Zama za Fedha. Kasongo tunasema feza na maana yake ni pesa, kwa hiyo washairi Blok na Akhmatova wanageuka wafanyabiashara wa madini. Nilitafuta neno jingine nikachoka. Dawa yake ni ndugu yake: sema Zama za Dhahabu, za Pushkin, halafu Zama za Fedha, na msomaji ataona madini mawili badala ya noti.

Mchezo uliozomewa 1896 ni Shakwe. Ndege ana jina lake Pwani, na Maniema, isiyo na bahari, itajifunza jina kama ilivyojifunza jahazi. Asiandikwe "ndege wa baharini", kama vile hakuna aliyewahi kumwangalia.

Lakini Bustani ya Cheri, hapana. Bustani ni pa kutembea jioni na mchumba. Katika mchezo ule wa 1904 pahali pale ni mali, ni miti ya matunda ya kuuzwa, ni urithi uliowekwa rehani na kupigwa mnada, na anayeinunua ni mjukuu wa watumwa wa pale pale. Muulize Mzanzibari aliyesikia bibi yake akieleza jinsi mikarafuu ilivyokwenda kwa madeni. Atakwambia neno ni shamba. Shamba la Micheri. Ukisema hivyo, shoka la mwisho wa mchezo linaanguka juu ya kitu kizito.

Kisha kuna nyumba yenyewe, iliyofungwa na kuachwa. Kuna jina moja la mahali palipokuwa makao na pakahamwa. Kiswahili kinalo: tongo. Aprili 1893 Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, alipoiteka Kasongo, daktari wake Hinde aliuona mji wenye michungwa, mipera na mashamba ya mpunga ambayo wenyewe wamekimbia. Mji baadaye ukahamia kwingine, na pale pa zamani paliitwa, na panaitwa hadi leo, Kasongo Tongoni. Mtu akifasiri mchezo huo atakuwa na haki ya kulitumia neno hilo katika maelekezo ya jukwaa ya tendo la nne.

Limebaki toska, ambalo Warusi hujivunia kwamba halifasiriki. Chekhov aliliweka kuwa jina la hadithi ya 1886: mwendesha gari la farasi, Iona, amefiwa na mwanawe, kila abiria anakataa kusikiliza, mwishowe anamweleza farasi. Huzuni ni pana, majonzi yana waombolezaji, kihoro hupiga ghafla, jitimai ni la washairi. Iona ana ukiwa. Mkiwa ni asiye na wa kumwambia. Limefasirika.

Na poshlost: ule ubaya wa mtu aliyeridhika, mnene wa roho, asiyejua kwamba amepoteza kitu. Nilipokuwa nikitetea uungwana juu huko, nilijua swali hili linanisubiri, kwa sababu Kasongo ya zamani ilikuwa na kinyume chake tayari: ushenzi. Mshenzi alikuwa yeyote asiye mungwana, yaani babu zetu Wabangubangu, Wazimba na Wakusu waliokuwa wakilima zao kwa amani. Neno hilo lisipewe kazi yoyote, hata hii. Ushamba pia haufai. Poshlost hukaa mjini na hulipa kodi ya nyumba. Ulimbukeni unakaribia, ila limbukeni angalau anashangaa.

Nashika uchwara. Daktari Startsev, katika hadithi Ionych ya 1898, alianza na moyo. Miaka ikapita, sasa raha yake ni kutoa mifukoni kila jioni noti alizolipwa na wagonjwa na kuzihesabu. Si daktari uchwara, maana anatibu sawasawa na watu wanamfuata. Kivumishi chetu, kwa bahati njema, hakichukui kiambishi na hukubali kuwekwa popote: ni maisha uchwara.